Chumvi Isiyooshwa: Maisha ya Mama Béatrice Cirimwami wa Musaga

Alizaliwa mwaka 1961 katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ambako enzi zile rovu, ule uvimbe wa shingo, lilionekana karibu kila nyumba. Mama yake alikuwa nalo shingoni, na mdogo wake alizaliwa kiziwi, asiweze kutembea hadi alipofariki. Majirani walisema ni uchawi. Sista mmoja muuguzi ndiye aliyemweleza Béatrice, akiwa bado msichana, kwamba mama yake alikosa madini ya iodini wakati wa mimba, na kwamba madini hayo hutiwa kwenye chumvi. Béatrice alisema tangu siku hiyo alijua Mungu amempa kazi gani. Vita vya Kongo vya mwaka 1996 vilimleta Bujumbura. Akapanga chumba mtaa wa Musaga, akauza mboga, naye mwenyewe alikuwa na rovu alilotoka nalo kisiwani.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Lakini wivu aliovumilia ungetosha kumtangaza!

Wanawake wa kundi la maombi walikuwa na desturi ya kuleta chumvi ibarikiwe kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Walinunua ile ya mawe huko Bwiza, na kwa kuwa kitu kichafu hakipelekwi mbele ya Mungu, waliisuuza na kuianika juani hadi iwe nyeupe pe. Wakaanza kushindana. Kiongozi wao, Mama Gaëlle, hakukubali chumvi ya mtu ipite yake kwa weupe. Aliyejaribu alinuniwa hadi Pasaka. Béatrice akaja na pakiti ya dukani, haijafunguliwa, akawaambia kwa upole kwamba maji na jua vinaondoa iodini. Loo! Gaëlle alimgeukia mbele ya wote: "We unatufundisha nini, na shingo lako vile?" Wanawake wakacheka. Mwezi uliofuata Béatrice alirudi na pakiti yake, akaiweka pale pale.

Mwaka 2019 Chanelle, binti pekee wa Gaëlle, alipata mimba. Uso ukamvimba, usingizi haukumwisha, akawa anajifunika shali katika joto la Bujumbura, na shingo ikaanza kujaa. Béatrice alimwona mlangoni mwa kanisa, akashtuka, kwa maana aliiona shingo ya mama yake. Akamsihi Gaëlle ampeleke hospitali upesi, maana mtoto aliye tumboni angeweza kuzaliwa kama yule mdogo wake wa Idjwi. Hapo wivu ukampanda Gaëlle hadi macho yakawa mekundu. Binti akipona, Musaga nzima itamsifu nani? "Apana!" akasema. "Mutoto wangu hatapona kwa jina la mutu mwingine." Akamfungia Chanelle nyumbani na maombi na chumvi yake nyeupe. Jamani, wivu! Mama mzima anaona mwanawe anafifia, na bado anahesabu sifa zitakwenda kwa nani.

Chanelle alipozidiwa, Béatrice alikwenda kwa Gaëlle, akapiga magoti uani. "Mama Chanelle, mi siendi na ye. Umupeleke we mwenyewe. Watu wakiuliza, sema ni we uliona shingo. Mi sitasema kitu." Gaëlle akampeleka. Daktari alipima damu, akaona tezi ya shingo imelegea, akampa vidonge vya kumeza kila siku, akaongeza kwamba chumvi isioshwe. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mwenye kilio cha kuamsha mtaa.

Jumapili moja Gaëlle alisimama kutoa ushuhuda. Akasema ni yeye aliyeitambua ile shingo, ni yeye aliyefunuliwa habari ya chumvi. Chanelle aliinamisha uso. Kanisa likalipuka kwa makofi, na tangu mwezi ule hakuna aliyeosha chumvi tena. Béatrice alikuwa benchi la nyuma. Alifariki mwaka 2022 kwa ugonjwa wa moyo, bila kuivunja ahadi yake.

Mimi, Jovithe, katekista, ningejuaje haya? Gaëlle alikuja mwenyewe, akaniambia yote kama nilivyoyaandika. Akauliza yake ni mistari mingapi, na ya Béatrice mingapi. Hata sasa! Mimi ninayeandika wengine bila kuandikwa nilimwelewa sana. Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Yangu imetosha. Ongeza ya Béatrice."

Basi naongeza alilonipa. Siku ile ya ushuhuda, kabla kanisa halijalipuka, Gaëlle alisikia makofi ya mtu mmoja tu yakitoka nyuma. Alipotazama, alikuwa Béatrice, amesimama, anampigia makofi kwa uso wenye furaha ya kweli. Wapendwa, tumwombe Mungu atupe mikono kama ile.