Mbuni wa Meknesi na Kidani cha Mfalme wa Uswidi

Buazza alikuwa mtunzaji wa mbuni katika mazizi ya Sultani huko Meknesi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu na magoti yaliyochomoza, hata wauza zeituni wa sokoni wakasema mtu akikaa mno na ndege, mwili nao unaanza kuiga. Nyumbani kwake hali haikuwa bora. Mama mkwe wake, Lalla Mahjuba, aliyeishi naye tangu afiwe na mumewe, alimwita "mchunga kuku" mbele ya wageni.

Ndipo Sultani akaamua kufunga amani na mfalme wa Uswidi. Balozi akaja na meli, akapanda mpaka Meknesi, na ikatangazwa kwamba miongoni mwa zawadi atakazorudi nazo kwa mfalme wake ni mbuni mmoja, hai, pamoja na mtunzaji wake. Akachaguliwa Laarusa, jike mwenye maringo ya bibi harusi. Na kwa kuwa Laarusa alimruhusu mtu mmoja tu kumgusa, safari ikawa ya Buazza.

Wacha aringe! Akabadili mwendo. Akitoka kwa kinyozi anaaga, akipita kisimani anaaga. Godoro lake na jelaba yake, joho zito la sufu, akampa shemeji yake Hmidu, mtunza farasi katika mazizi yale yale, akisema, "Huko kwa mfalme nitavishwa manyoya, shemeji. Hiki kitambaa vaa wewe."

Mwisho akaenda kumuaga mama mkwe, maana mtu anayevuka bahari haondoki na kinyongo.

"Nisamehe, mama, kama nimewahi kukukosea."

"Nimekusamehe, mwanangu," Lalla Mahjuba alisema, macho yakimlengalenga. "Na kwa kuwa pengine hatutaonana tena, nikwambie la moyoni. Ukiimba harusini, watu huwa wanatoka nje kutazama punda gani kaumia."

Buazza akamshika mkono. "Ahsante, mama. Na mimi la moyoni ni hili: supu yako ya harira ni maji ya kuoshea sufuria."

Wakakumbatiana, kila mmoja amepumua.

Asubuhi ya siku ya balozi kupokewa na Sultani, yule Mswidi alitaka kwanza kuiona zawadi yake. Akaja mazizini amevaa rasmi, uso mwekundu kwa joto, na kifuani ananing'iniza kidani alichotumwa kumkabidhi Sultani: picha ya mfalme wake, ndogo kama kokwa ya tende, imezungushiwa vito vinavyometameta. Pembeni yake alikuwa Mushe, mkalimani wa mjini.

"Mushe, mwambie akifunike hicho kitu," Buazza alisema. "Huyu ndege akiona kinachong'aa hana adabu."

Mushe akatafsiri. Balozi akatabasamu, akajibu kirefu.

"Anasema nini?"

"Anasema hata yeye amefurahi kukufahamu."

"Umemwambia nini wewe?"

Kabla Mushe hajajibu, balozi aliinama kumsalimu Laarusa kwa heshima za kwao, kofia mkononi. Kidani kikaning'inia mbele. Laarusa akanyoosha shingo, akavuta, uzi ukakatika. Wote watatu wakatazama uvimbe mdogo ukishuka taratibu kwenye shingo ile ndefu, ukisimama kidogo njiani, ukiendelea, mpaka mfalme wa Uswidi akapotea ndani ya manyoya.

Balozi akapiga ukelele ulioleta walinzi, na nyuma ya walinzi akaja Kaidi Bushta, mkuu wa wageni wa Sultani, anatweta.

"Achinjwe!" Mushe alitafsiri kilio cha balozi.

"Achinjwe zawadi ya Sultani, siku ya amani?" Kaidi alifoka. "Mnataka ishara gani mbaya kuliko hiyo?"

"Basi anasema atamchukua hivyo hivyo, kitatoka njiani."

"Aondoke na zawadi aliyomletea Sultani, imo tumboni mwa zawadi aliyopewa na Sultani? Huo ni wizi wenye miguu miwili!" Akamgeukia Buazza. "Wewe! Kitoe!"

Buazza akamnywesha Laarusa mafuta ya zeituni. Laarusa akayapenda, akaomba mengine. Zaidi ya hapo hakutoa kitu.

"Bwana Kaidi, kikishafika kwenye firigisi hakitoki," alisema Buazza. Alimlea yule ndege tangu yai, na kisu cha mlinzi kilikuwa tayari nje ya ala. "Lakini bwana wangu, leo hii ndege ni wa nani?"

"Wa Sultani, mpaka akabidhiwe."

"Basi kidani kimeshapokewa. Mfalme wa Uswidi kaingia nyumbani kwa Sultani kabla ya balozi wake."

Kaidi akamtazama. Akageuka akaingia ndani kwa Sultani. Punde kikasikika kicheko kikubwa kutoka ukumbini, halafu vicheko vingi vya wale wanaocheka mkubwa akicheka.

Kaidi akarudi akijifuta jasho. "Sultani ameipokea zawadi kwa furaha. Amani imefungwa. Na kwa kuwa kidani ni chake sasa, ndege habanduki hapa. Balozi atapewa farasi."

Buazza akamkumbatia Laarusa shingoni akilia kwa furaha. Alikuwa bado analia alipoelewa. "Na safari yangu, bwana?"

"Farasi anakwenda na mtu wa farasi."

Hivyo Hmidu akaenda Uswidi, amevaa ile jelaba.

Jioni Buazza aliingia kwake kama mwizi. Lalla Mahjuba alikuwa jikoni.

"Umerudi?"

"Nimerudi, mama."

Akamtazama juu mpaka chini. "Maji ya sufuria yamo kwenye chungu." Buazza akala mabakuli mawili bila kuinua macho, na harusi ya jirani iliyofuata alikaa kimya kama jiwe.

Mwaka uliofuata mfalme wa Uswidi alijibu kwa zawadi yake: mnyama wa nchi za theluji, mwenye pembe kama mti uliopukutika na koti zito la manyoya. Akakabidhiwa Buazza, katikati ya kiangazi. Mnyama alilala chini akihema, ulimi nje, na Kaidi Bushta akaapa kwamba akifa, amani itakufa naye.

Aliyekuja kusaidia ni Lalla Mahjuba, na ndoo ya maji na kipepeo cha jikoni. Wakakaa huku na huku, wakipepea siku nzima.

"Mchunga kuku, pepea masikioni," alisema. "Mgongo niachie mimi."

"Sawa, mama. Nimwimbie kidogo atulie?"

"Jaribu uone."