Gari la Mzee Lilivyoacha Kurukaruka

Ukitaka kujua kama shokapu za gari zimekufa, huhitaji shule. Unakwenda kwenye kona ya mbele, pale juu ya taa, unaweka makalio yako na uzito wote aliokujalia Mungu, halafu unanyanyuka ghafla. Gari lenye shokapu nzima litainuka mara moja na kutulia, kama mtu mzima aliyeitikia shikamoo. Lililokufa shokapu litaitikia, litaitikia tena, halafu tena, kama bwana harusi mbele ya wakwe. Hayo alinifundisha marehemu mume wangu. Yeye alikuwa na masikio, mimi nilikuwa na makalio, tukafanya kazi pamoja miaka mingi.

Gari lenyewe ni la Mfaransa, refu, zamani lilikuwa na rangi ya maziwa. Alilinunua kwa padri mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Alilipenda mpaka siku moja nikamuuliza, kati yangu na hilo, nani ulimtolea mahari. Akanijibu kwa ile sauti yake ya puani, polepole, kama mtu anatafuna karanga: "Wewe mama nilikutolea ng'ombe. Hili nalitolea macho." Alikuwa anashinda chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana, na mimi nimekaa pembeni nampa vifaa. Kusoma sijui, lakini spana ya kumi na tatu na ya kumi na saba nazijua kwa kuzishika tu.

Alipofariki, gari likawa mikononi mwa mtoto wetu wa kwanza. Huyu anafanya kazi ofisini kule Nduguti, Jumamosi anakuja nyumbani Ilongero kunisalimia na kunipeleka mjini na mayai yangu. Nimemzaa mimi mwenyewe, lakini tangu apate kile kiti cha kuzunguka haongei tena kama mtu aliyezaliwa. Anaweka mikono nyuma, anakohoa kidogo, anasema: "Mama, kwa tathmini ya haraka, hili gari lina changamoto." Changamoto maana yake kitu kimeharibika na yeye hataki kuchafuka.

Changamoto yenyewe ilikuwa kuruka. Ukipita tuta moja, gari linaruka mara tatu, moja ya tuta na mbili za kwake lenyewe. Watoto wa jirani walikuwa wanaliita mbuzi. Sasa huku kwetu Singida, kitu tulichojaliwa ni mawe. Mtu akikosa kiti, anakalia jiwe. Gari likikosa breki ya mkono, linawekewa jiwe. Kwa hiyo mwanangu, pamoja na elimu yake yote, akafanya kama angefanya babu yake: akajaza mawe kwenye buti ili gari litulie. Likatulia wiki moja. Baada ya hapo likawa linaruka na mawe yake, na sisi ndani tunasikia kama kuna watu wanahama nyumba.

Halafu ikaja siku ya mayai. Nilikuwa na trei mbili kwenye kiti cha nyuma, na wifi yangu, dada wa marehemu anayeishi jirani, amekaa kati yake anazilinda. Tulipofika sokoni wifi ametoka na ute wa mayai umemfika kwenye kiwiko. Yeye sauti yake ni nyembamba, inapanda kila anaposema, kama anaita kuku. "Wifi," akaniambia, "mimi narudi na bodaboda. Kaka yangu nilimpenda lakini sitamfuata kwa njia hii."

Mwanangu akayatoa mawe yote siku ileile, na Jumamosi iliyofuata akaja na mtu wa chuma chakavu kutoka Manyoni. Mtu mfupi, anatembea na mzani wa kuning'iniza begani kama mkoba. Akalizunguka gari, akaligonga mlangoni, akaligonga kwenye boneti, kama unavyogonga mtungi kujua kama umepasuka. Sauti yake nzito, haina haraka: "Mimi mama sipimi mapenzi. Napima kilo."

Nikatazama ile boneti. Kuna mahali imebonyea, aligonga marehemu kwa nyundo siku hasira zilipompanda, halafu akainyoosha siku tatu nzima kwa aibu. Nikaona mikono ya mume wangu inakwenda kukatwa vipande na kuuzwa kwa kilo.

Nilikwenda kwenye kona, nikakaa, nikanyanyuka. Gari likaitikia mara nne.

"Mnaona," nikawaambia. "Halijafa. Limekufa shokapu."

"Mama," mwanangu akasema, mikono nyuma, "haya ni masuala ya kitaalamu, si masuala ya makalio."

"Makalio haya yamekuzaa wewe mtaalamu. Sema unataka nini ili uliache."

Akafikiri, akamwangalia mtu wa mzani, akatoa hukumu kama yuko kikaoni. Wiki mbili. Likiweza kutoka hapa Ilongero mpaka mjini na trei ya mayai kwenye kiti cha nyuma, bila mtu kuishika, na lisivunjike hata yai moja, hataligusa tena. Likivunjika moja tu, mzani unaingia kazini. Mtu wa Manyoni akasema sawa, yeye Jumamosi hiyo ya pili atakuwepo.

Jumatatu nikapanda bodaboda kwenda mjini, kwa mzee mmoja mwenye duka la vipuri. Watu wa pwani hao kwa asili, lakini wamezaliwa hapahapa, baba mpaka wajukuu. Anaongea laini, maneno yamepakwa mafuta ya alizeti: "Karibu bibi yangu, starehe, vuta kiti, nikuagizie kahawa?" Nikamwambia ninataka shokapu za gari la Mfaransa. Akacheka kwa adabu. "Bibi yangu, za Kijapani ninazo mpaka za kukugawia. Hizo za Mfaransa, gari lenyewe mko wangapi mliobaki nalo? Chukua za Kijapani, fundi atachomelea kidogo, zitakaa."

Nikakataa. Mume wangu alishawahi kuweka za Kijapani, gari likakaa kama kuku anayeatamia.

"Na una uhakika ni shokapu? Isije ikawa bushi, bibi yangu, ukaja kunilaumu."

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja tangu utoto. Sauti ikiingia sikioni lazima itoke mdomoni. Nimewahi kufukuzwa msibani kwa sababu ya kumuigiza mchungaji. Nikasimama pale dukani, nikashika usukani wa hewa, nikapita tuta. "Bweu, bweu, bweu." Nikamwonyesha na bushi, ule mpira wa kwenye maungio ya miguu, ilivyokuwa inalia mwaka ule ilipokufa: "Kwi-kwi, kwi-kwi." Nikarudi kwenye lile la sasa: "Bweu, bweu, bweu." Wateja wameshika mbavu. Mzee wa duka hakucheka. Ameinamisha sikio.

"Rudia, bibi yangu."

Nikarudia.

"Ni shokapu," akasema. "Zote nne. Bushi zako nzima." Akainua simu, akapiga Dar es Salaam, na kabla kahawa haijapoa mzigo wangu ulikuwa umepatikana. Majogoo wangu wote niliwauza kuzilipia, sikuwalilia. Baada ya siku chache shokapu zikashuka kwenye basi pale stendi, zimefungwa kwenye boksi, nikaziletea khanga kuzikinga na vumbi kama nimempokea mwali.

Jumamosi ya pili asubuhi akaja fundi kutoka mjini. Kijana suruali imeshuka, kofia imegeuka, lakini adabu anayo. "Shikamoo bi mkubwa. Dah, hii gari ni mnyama. Tunaipasua fasta, usiwe na presha."

"Marahaba. Usiipasue. Ifungue."

Zilitoka za zamani zimelowa mafuta, na vumbi letu jekundu limeganda juu yake kama ukoko wa ugali. Fundi akaisimamisha moja chini, akaisukuma. Ikazama, haikurudi. Nikamwambia hiyo ni mimi nikishakaa kwenye mkeka. Akachukua mpya, akaisukuma kwa mikono miwili, inambishia, inambishia, ikashuka. Alipoachia ikapanda yenyewe taratibu. Nikamwambia hiyo ni mimi nikisikia mgeni amekuja na sukari.

Za nyuma zilikuwa kazi nyepesi. Za mbele zimekaa ndani ya springi, na springi ikifyatuka inaua mtu. Fundi alikuwa na vyuma viwili vyenye kulabu. Akaikaba springi huku na huku, akakaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka ikanywea. Nikageuka kumwambia mwanangu asogee mbali. Nikakuta ameshasogea, yuko nyuma ya jiko.

Kila kitu kikaingia mahali pake. Sasa gari liko juu ya jeki, tairi linaning'inia, na fundi ameshika spana anataka kukaza nati za chini moja kwa moja ili amalize. Hapo mdomo wangu ukafunguka na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilitoka ile ya puani, polepole, ya kutafuna karanga:

"Shusha kwanza, bwana. Mguu unakazwa ukiwa umekanyaga."

Fundi akainua kichwa. "Nani kaongea?"

Mwanangu alikuwa ametoka nyuma ya jiko. Amesimama, mikono haiko nyuma tena. Hakuniangalia mimi, aliangalia chini ya gari, pale miguu ilipokuwa inaonekana zamani. Halafu akamwambia fundi kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti niliyomzaa nayo: "Shusha. Ukikaza likiwa juu, mpira wa bushi unajisokota, likishuka unachanika. Mzee alikuwa anasema hivyo."

Fundi akashusha, akakaza. Mimi nikaenda kwenye kona yangu, nikakaa, nikanyanyuka. Gari likaitikia mara moja.

Mtu wa Manyoni naye akafika na mzani wake. Mwanangu akaingia kwenye usukani, mimi pembeni, tukazunguka kiwanja kwanza kulijaribu. Tukapanda kichuguu kidogo kilicho karibu na zizi.

Kong.

Nyuma kabisa. Tukarudi, tukapita tena. Kong.

Mwanangu akazima gari. "Mama," akasema, na nikasikia kabisa ofisi inarudi kooni mwake, "changamoto bado ipo." Mtu wa mzani akaanza kufungua kamba ya mzani wake. Fundi kajitupa chini ya gari, anatikisa kila nati, anatoka jasho. "Bi mkubwa, mi nimefunga kila kitu, haki ya Mungu. Sijui hii inatoka wapi."

Wote wakaniangalia mimi. Shokapu mpya, majogoo wamekwenda, na gari linagonga. Nikamwambia mwanangu apite tena kile kichuguu, mimi nibaki chini. Akapita. Nikafunga macho, nikaiachia itoke mdomoni kama ilivyoingia. "Kong." Nikaiweka kando ya ile ya zamani. "Bweu, bweu. Kong. Bweu, bweu. Kong." Shokapu hata ikifa inalia kama mtu mwenye pumzi. Hii haina pumzi. Na mimi hii sauti nimekua nayo, nimeikalia, nimesagia uwele juu yake.

"Fungua buti," nikasema.

"Mama, mawe niliyatoa yote."

"Fungua."

Akafungua. Buti tupu, limefagiliwa. Nikainua kile kikapeti. Chini yake kuna shimo la tairi la akiba, tairi lenyewe lilishahamia kwenye mkokoteni wa ng'ombe zamani. Na ndani ya shimo, limetulia kama mwenye nyumba, jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi.

Wifi akaja akachungulia, akapandisha ile sauti yake: "Hilo si jiwe la mlangoni kwangu? Nimelitafuta tangu wakati wa mavuno."

Mwanangu akalitoa kwa mikono yake, na shati lake la kazini, akalibeba mpaka mlangoni kwa shangazi yake. Fundi alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Basi tukaondoka. Trei ya mayai kwenye kiti cha nyuma, hakuna aliyeishika. Wifi upande mmoja amekalia mikono yake, mtu wa Manyoni upande wa pili na mzani mapajani, maana na yeye alikuwa anakwenda mjini. Tulipita matuta, tukapita makorongo ya mvua, tukapita pale mahali ambapo mayai yangu yalimalizikia. Nilikuwa nasikiliza nyuma, si mbele. Nikamsikia wifi amenyamaza, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu niolewe.

Sokoni wifi akayatoa moja moja, akalitikisa kila moja sikioni, akalipanga mezani. Mayai thelathini. Hakuna hata lenye ufa. Mtu wa Manyoni akashuka, akapandisha mzani wake begani. "Mimi miaka yote napanda magari mapya," akasema kwa ile sauti nzito, "na mgongo unaniuma. Leo hauumi. Mama, msimuuzie mtu." Akaenda zake.

Mwanangu alibaki amesimama kando ya gari. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona watu wako na shughuli zao. Akaenda kwenye kona ya mbele, juu ya taa, akakaa na suruali yake ya ofisini, akanyanyuka ghafla. Gari likaitikia mara moja, likatulia. Akakaa tena. Mara moja.

Alipogeuka kurudi kwangu nikaona vumbi jekundu limemchora nyuma, duara mbili safi kabisa, kama alama za mama yake. Sikumwambia. Akaenda nazo mpaka Nduguti.