Tulivyohamisha bima ya elimu ya Rehema, na safari ya Mtera kumfuata shemeji

Wakuu, amani iwe kwenu.

Juzi kuna dada humu aliuliza kama inawezekana kuhamisha akiba ya elimu ya mtoto kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Majibu mengi yakawa "vunja tu, chukua chako". Nikasema hapana, ngoja nieleze yaliyotukuta sisi. Siongezi chumvi, wahusika wako hai na mmoja wao anasoma jukwaa hili.

Ilikuwa Dodoma, miaka ile soko huria ndiyo linaingia. Tulishazoea shirika moja la bima, la serikali, basi. Ghafla kampuni binafsi zinafungua ofisi, mawakala wamefunga tai kwenye jua la Dodoma wanagonga milango ya maofisi, huku mashirika ya umma yanapunguza watu. Hakuna aliyejua kipi kitabaki.

Mimi nilikuwa karani wa masjala serikalini. Mdogo wangu Zuhura alikuwa fundi cherehani kwetu Kondoa. Mumewe Hamisi, dereva wa lori, alikufa kwa malaria akamwacha na binti mmoja, Rehema.

Hamisi, Mungu amrehemu, alishamkatia binti yake bima ya elimu kwenye lile shirika. Zuhura akaendelea kuchangia kwa pesa ya cherehani. Mvua zikikosekana watu hawashoni nguo, wakuu, lakini mchango ulikuwa unakwenda.

Tatizo likawa hili. Mkataba ulikuwa unalipa kwa mkupuo, mtoto akishakuwa mtu mzima. Rehema yuko darasa la saba, kichwa kizuri ajabu, na sekondari ya bweni inataka ada mwakani. Kampuni mpya ilikuwa na mpango wa kulipa ada kila muhula kuanzia kidato cha kwanza, na walikubali kupokea akiba ya zamani.

Tukaenda kwenye lile shirika. Mama wa dirishani alitusikiliza vizuri tu.

"Mkivunja mtapoteza sehemu kubwa. Transfer inawezekana, ila msimamizi wa mtoto lazima asaini."

Zuhura akasema, "Si ndiyo mimi, mama yake?"

"Hapana mama. Marehemu alimwandikisha kaka yake, Idi."

Mdogo wangu alikaa kwenye benchi, akaufunika uso kwa mtandio.

Hapa lazima niwape background kidogo. Eda ilipokwisha, wazee wa ukoo wa Hamisi walitaka Idi amrithi Zuhura. Zuhura akakataa mbele ya kikao, watu wamejaa. Idi hakusema neno. Kesho yake akaondoka, tukasikia yuko Mtera anavua samaki. Tangu siku hiyo hakuna salamu. Kondoa nzima ikasema ameudhika, na kwamba alikuwa anataka mali za kaka yake.

Kumbe saini ya mtu huyo ndiyo shule ya Rehema.

Jamaa mmoja ofisini kwetu aliponisikia akacheka. "Saini wewe bwana, nani atajua?"

Nilipomweleza Zuhura aliniangalia kwa ukali. "Kaka, mwanangu asome kwa kughushi? Twende Mtera. Akinifukuza, amenifukuza."

Tulipanda lori la wachuuzi wa samaki lililokuwa linarudi tupu. Vumbi la barabara ile wanalijua walioipita. Njia nzima midomo ya Zuhura ilikuwa inacheza tu, nadhani alikuwa anasoma dua.

Idi tulimkuta kando ya bwawa anashona nyavu. Amekonda, ndevu zimeanza mvi. Alisimama, akasita.

"Shikamoo shemeji," Zuhura akasema.

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna shule."

Akamweleza yote. Nilikuwa nasubiri matusi, au aseme, "Na mimi nipewe changu." Idi alikuwa anaangalia zile nyavu tu. Zuhura akaona bora ayatoe ya moyoni:

"Shemeji, mimi nilikataa ndoa. Ukoo sikuukataa. Rehema ni damu yenu."

Idi akainua uso. "Na mimi sikuitaka ile ndoa, Zuhura. Wewe ni mke wa mdogo wangu, ningekuangaliaje? Nilinyamaza kwa sababu ningesema sikutaki mbele ya kadamnasi ile, ningekudhalilisha. Halafu nikasikia wanasema nataka mali za Hamisi. Nikaona bora niondoke."

Wakuu, Zuhura alianza kulia, katikati ya kulia akaanza kucheka. "Kwa hiyo wote wawili hatukutaka?"

"Wote wawili," Idi akasema, na yeye akacheka.

Mimi nikaenda kuangalia mitumbwi, maana machozi yalikuwa yananitoka mwanaume mzima.

Lakini hakusaini palepale! Alikuwa na hofu na hizi kampuni mpya. Akasema lazima aione kwa macho yake. Tukarudi naye Dodoma, ana mfuko wa perege wakavu kwa ajili ya Rehema.

Pale kwenye kampuni alimuuliza wakala swali moja: "Mkifunga duka, mtoto wetu anamfuata nani?"

Yule kijana hakuremba. Alisema kampuni inaweza kufunga kama duka lolote, akatuonyesha kwenye mkataba nani atabeba dhamana ikitokea. Idi akaomba asomewe mara ya pili. Ndipo akasaini, kwa sharti kwamba hela itoke shirika iende kampuni moja kwa moja. "Isipite mkononi kwangu. Watu wameshasema ya kutosha."

Mkadhani imeisha? Shirika wakasema hundi imetumwa. Kampuni wakasema hatujaona kitu. Wiki zinakwenda, matokeo ya darasa la saba yametoka, Rehema amefaulu, sisi tunapigwa danadana kati ya ofisi mbili. Zuhura aliacha kula vizuri. Nikawa kila mapumziko ya mchana naenda dirishani, hadi yule mama akapiga simu makao makuu mwenyewe mbele yangu. Hundi ilikuwa imelala Dar kwenye ofisi ya kampuni, haijapelekwa tawini. Baada ya hapo mambo yakanyooka.

Siku ya kuripoti shule, Idi alitoka Mtera bila kuitwa. Alibeba sanduku la bati la Rehema kichwani kutoka stendi hadi getini, akakataa kupokelewa. Mwalimu akauliza, "Wewe ni nani kwa mwanafunzi?"

Akajibu, "Baba yake mkubwa."

Rehema akamshika mkono, wakaingia.

Nilichojifunza: msikimbilie kuvunja, ulizeni kuhusu kuhamisha kwanza. Jueni msimamizi wa mtoto ni nani mapema. Na kama mmenuniana naye, mfuateni. Yawezekana na yeye anasubiri mtu abishe hodi.

Haya, waliowahi kuhamisha siku hizi za mitandao, bado kuna danadana au mambo ni chap chap? Mwageni uzoefu, yule dada apate msaada.