Daraja la Kuning'inia la Satellite

Mwanangu, nawakumbuka mafundi wa mtaa walivyosimama kando ya kijito kilicho chini ya mtaa wetu wa Satellite, mikono kiunoni, wakisema sitaweza kujenga kivuko. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliniambia mbele ya watu kwamba Ulaya ilinifundisha kuvaa koti, si kushika nyundo. Mwingine akasema diploma yangu itafaa kufungia mandazi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimerudi nyumbani miezi mitatu tu. Niliwaacha waseme. Mimi niliondoka hapa na begi moja, bila mjomba wa kunipokea, nikafanya kazi mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya ufundi mitambo. Sioni aibu kuyataja haya. Sikubebwa na mtu.

Kazi yangu kule ilikuwa kwenye daraja la ajabu, katika mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza. Lina zaidi ya miaka mia moja. Zamani viwanda vilikuwa upande mmoja wa mto, nyumba za wafanyakazi upande wa pili, na katikati zilipita meli zenye milingoti mirefu. Daraja la chini lingezifungia njia. Daraja la juu lingehitaji barabara ndefu ya kupandia, na nchi ile ni tambarare. Basi wahandisi wakasimamisha minara miwili ya chuma, wakaiunganisha juu kabisa kwa boriti, na kwenye boriti wakaning'iniza jukwaa kwa nyaya. Watu na magari huingia jukwaani, likavutwa polepole hadi ng'ambo, na meli ikija huachiwa ipite kwanza. Magurudumu yake ya juu ya boriti niliyapaka grisi miaka minne. Historia hiyo niliisimulia katika kila harusi niliyoalikwa, hata kwa watu waliotaka kula tu.

Kwa hiyo kanisa letu liliponiomba niwajengee watu kivuko kabla ya mvua za masika, sikujiuliza lolote. Wanawake wengi wa mtaa walivuka kijito kile alfajiri kwenda kufua na kupika katika nyumba za matajiri wa Loresho na Kitisuru, na kila masika maji yalifunika mawe waliyokanyaga. Aliyechelewa mara nyingi alipoteza kazi. Nikasimamisha minara yangu miwili, nikafunga nyaya, nikaning'iniza kibanda cha chuma cha kubeba watu wanne. Siku ya kukizindua watu walipiga vigelegele, na yule fundi wa kuchomelea akaja kunishika mkono. Nilijiona mrefu kuliko minara yenyewe.

Mvua ikaanza. Wanne wakivuka, arobaini walisubiri. Kibanda kikifika ng'ambo, lazima kivutwe kirudi kitupu, na foleni ikapanda hadi kwenye vibanda vya mboga. Mimi niliwalaumu watu kwa kusukumana, nikabandika ratiba kwenye mnara. Wiki ya pili, saa nne asubuhi, nilimwona Achieng, mama wa watoto wawili, akirudi na nguo zake za kazi ndani ya mfuko. Alikuwa amechelewa mara ya tatu, wakamwambia asirudi. Hakunilaumu. Alinisalimia akapita.

Nyuma yangu alikuwepo Shosho Wairimu, bibi yetu wa mtaa, aliyekuwa akipeleka mboga za sukuma wiki Loresho ingawa alishapita miaka sabini. Akatua gunia lake, akaitazama minara yangu, mmoja kisha wa pili.

"Kijana, hii mto yetu, meli hupita saa ngapi?"

Nikamjibu, "Shosho, hapa hakuna meli."

"Basi si ungetuwekea mbao tu? Sisi tunapita na miguu."

Foleni nzima ilicheka. Nikajifuta grisi mikononi. Jibu lilikuwa ndani ya historia ile niliyoijua kwa moyo, na sikuwahi kuisikiliza hata mara moja.

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilimwendea Shosho, nikamwuliza anataka daraja la upana gani. Akanyoosha mikono: watu wawili wapishane wakiwa na mizigo, na pawe na kamba ya kushika. Tulibomoa minara, tukajenga nguzo za mawe na kulaza mbao kwa siku tisa, yule fundi akinitania kwa kila msumari. Kisha nilimsindikiza Achieng hadi kwenye lango la mwajiri wake kusema kwamba kosa ni langu. Walikuwa wameshaandika mwingine. Alikaa bila kazi miezi miwili, na daraja jipya halikumrudishia siku hizo.

Mwanangu, nenda mbali kadiri utakavyoweza, na ukiona kitu kizuri, kilete. Mimi bado najivunia nilichokileta. Lakini kabla hujakiiga, uliza walikuwa na shida gani waliokibuni, kisha njoo uwaulize watu wako wana shida gani, na uwaulize kabla hujachimba shimo la kwanza. Ukitafuta sifa kwanza, hasara itamwangukia mtu ambaye hata hakukuomba kitu.

Mungu akubariki kwa kazi ya mikono yako. Akupe mtu wa kukuuliza swali unaloliogopa, na akupe unyenyekevu wa kulijibu mapema, kabla mwingine hajaumia kwa sababu yako.