Sauti ya Mpira Uliolegea

Karani wa mahakama alijua fika kwamba mkewe hakumpendea sura. Walipoonana mara ya kwanza alikuwa koridoni akiita washtakiwa, na msichana mmoja mshonaji, aliyeleta majoho ya mahakimu, akasimama na mzigo wake mikononi, kinywa wazi.

"Una sauti kama ya yule," alimwambia.

Yule alikuwa mwimbaji wa kaseti moja ya muziki wa hevi metali, ambayo mshonaji na kaka yake waliisikiliza mpaka redio ikaitafuna. Sasa ni mwaka wa ishirini na saba wa ndoa, na karani bado anaishi kwa hisani ya koo la mtu asiyemjua.

Jumamosi moja asubuhi binti yao akaja na simu: ameipata albamu nzima. Mama aliacha sindano katikati ya mkono wa shati, akajipangusa viganja kama anayekwenda kupokea mgeni. Karani akajificha nyuma ya gazeti. Mke akishasikia sauti asilia, atamgeukia yeye, nakala tu, na nakala yenyewe ina miaka hamsini na minne, koo limeanza kukwaruza.

Magitaa yaliingia mbio, kama watu wanaofukuzwa na mbwa. Kisha mwenyewe akafungua kinywa, na ikatoka sauti nyembamba, ya juu, ya birika lililosahauliwa jikoni.

"Umekosea," mama alimwambia binti. "Huyo ni mkewe."

"Mama, ndiye. Ona jina, ona na lile fuvu la kwenye jalada."

"Basi simu yako mbovu. Hebu punguza mwendo."

Binti akapunguza. Lakini simu za siku hizi hupunguza mwendo bila kugusa sauti, kwa hiyo birika likaendelea kupiga mluzi, ila sasa kwa kusitasita, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Mama akampigia kaka yake, fundi wa redio, wote wakisikia.

"Dada, si ile redio yetu?" fundi alisema. "Mpira wa kuzungushia kaseti ulikuwa umelegea. Kaseti ilikwenda polepole, kila kitu kikatoka kizito. Hata kwaya ya kina mama iliimba kama askari."

"Na hukuniambia?"

"Sikuwa najua ufundi bado. Nilipokuja kujua, ulishaolewa. Ningesemaje, shemeji arudishwe?"

Binti akakimbilia jikoni kuchekea huko. Nyuma ya gazeti, karani aliiona ndoa yake, watoto watatu na nyumba hii ya bati linalovuja, vyote vimesimama juu ya kipande cha mpira kilichochoka.

"Na wewe mbona kimya?" mkewe aliuliza.

Akajibu kwa mnong'ono kwamba anasoma.

"Acha kunong'ona. Ongea kama unavyoongea."

"Niseme nini, mama watoto?"

"Chochote."

Karani alitazama gazeti, akasoma kilichokuwa mbele yake: "Mnada wa hadhara. Majokofu mawili, moja halina mlango."

Sauti ilitoka chini kabisa, ikapita kwenye miguu ya meza. Mkewe alifumba macho. Uso wake ukawa wa yule msichana mwenye mzigo wa majoho.

"Kumbe yule hakuwahi kuwepo," alisema. "Sauti hiyo unayo wewe peke yako."

Karani alikohoa, akalinyoosha gazeti. "Nisome na masharti ya mnada?"

"Baadaye."

Alikuwa ameshaiwasha tena simu, kwa mwendo wake wa kweli. Birika likapiga mluzi. Mguu wa mshonaji ukaanza kukanyaga pedali ya cherehani, taratibu, halafu kwa kasi. Mkono wa kwanza wa shati ukapita, wa pili ukapita, na kichwa nacho kikawa kinatikisika.

"Si umesema sauti ni yangu?" karani aliuliza.

"Ni yako." Hakuinua macho. "Lakini huyu kijana naye, mwache amalize."

Karani akavuta kiti, akaketi kumsubiri. Zilikuwa zimebaki nyimbo saba.