Panga, Gunia na Njia ya Menengai

Katika nyumba za reli za Nakuru nilikokulia, mtu mzima hakutoka kwenda kutembea tu. Alikwenda mahali. Alikwenda sokoni, kanisani, au kwa jamaa aliyefiwa. Kutembea bila safari ilikuwa kazi ya Wazungu waliokaa upande wa juu wa mji, ambao jioni walipita barabarani na mbwa wao, na hata hao mama yangu aliwaonea huruma. Alidhani wamekosa shughuli.

Kwa hiyo familia yetu ilipoanza kutembea kila Jumapili, majirani walituangalia sana.

Sababu ilikuwa mguu wa baba. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa pale kituoni. Siku moja ya mvua aliteleza akishuka kwenye behewa, na mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika mara mbili chini ya goti. Hakumlaumu mtu. Alikaa hospitalini muda mrefu, akarudi na magongo mawili na barua. Barua ilisema kwamba baada ya miezi mitatu atapimwa na daktari wa reli. Akiweza kutembea bila kushika kitu, atarudi kazini. Asipoweza, kazi imekwisha, na nyumba ilikuwa ya kazi. Tungerudi kwao baba, magharibi, kwenye kijishamba ambacho ndugu zake watano walikuwa wameshakikalia. Nilikuwa na miaka kumi, lakini nilielewa yote bila kuelezwa, kwa sababu mama alikuwa ameanza kupanga sahani nzuri ndani ya sanduku la bati.

Hospitalini walimwambia baba autembeze mguu ule kila wiki, kidogo kidogo, na aongeze mwendo. Baba alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Akaamua kwamba tutatembea wote, yeye na mama na mimi na mdogo wangu wa kike, kila tukitoka kanisani.

"Watu watasema nini?" mama akauliza. "Familia nzima inazurura mchana kweupe?"

Wala hayakuwa maneno ya watu peke yake. Miaka ile ya hali ya hatari, ya misako ya askari wa mkoloni, ilikuwa haijatutoka mwilini, na mtu mweusi aliyeonekana barabarani bila shughuli aliulizwa maswali. Mama akapata dawa yake. Hatungetoka mikono mitupu hata siku moja. Yeye alijitwika gunia tupu lililokunjwa na kubeba panga mkononi. Mimi nilipewa kikapu. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka sita, alibeba kamba. Mtu akituona, aone watu wanaokwenda kutafuta kuni. Baba alicheka mpaka akakohoa, lakini hakumbishia. Katika mambo ya heshima ya nyumba, mama ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Tulianza na njia ya ziwani, kwa sababu ni tambarare mwanzo hadi mwisho. Inatelemka kidogo tu ukitoka mjini, halafu ni majani makavu na migunga, na upepo unaokuletea harufu ya magadi kabla hujayaona maji. Mtoto wa miaka sita anaiweza. Baba na magongo yake aliiweza nusu, akakaa chini, tukala viazi vitamu huku tukiwatazama heroe, ndege wale wa rangi ya waridi, waliojaa ukingoni. Mama hakukaa. Alizungukazunguka akiokota vijiti ili gunia lisirudi tupu.

Baadaye tukachukua njia ya kwenda Lanet, ile ya miguu inayofuatana na reli. Hiyo nayo ni nyepesi, ila haina kivuli, na vumbi la Nakuru si la kufanyia mchezo, linaingia hadi kwenye meno. Baba aliipenda kwa sababu alijua kila treni inayopita na ilikotoka. Kufikia hapo alikuwa amerudisha magongo hospitalini. Akajikatia fimbo.

Njia niliyoipenda mimi ilikuwa ya Menengai. Watu wakisikia jina hilo hufikiri ni mlima wa kupandwa kwa mikono na magoti. Si hivyo. Upande wa mjini unapanda polepole sana, unapita nyuma ya bustani za Wazungu, kisha unaingia kwenye miti ya serikali, kisha unatokea kwenye leleshwa, ile miti mifupi yenye majani meupe kwa chini ambayo ukiyafikicha yananukia vizuri. Halafu ghafla ardhi inakwisha. Mbele yako ni shimo la volkeno ambamo mji wote wa Nakuru ungeingia na nafasi ikabaki. Mdogo wangu alipoliona mara ya kwanza alinishika sketi, akauliza nani alilichimba.

Mara mbili za kwanza baba hakufika juu. Mara ya tatu alifika, akavua kofia akasimama. Mama akamgeukia akasema, "Umefika, Baba Watoto," kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia. Zilikuwa zimebaki wiki tatu apimwe.

Jumapili iliyofuata tulikamatwa.

Tulikuwa katikati ya miti ya serikali, tukipanda. Askari wa msitu alitokea nyuma ya mti, mtu mrefu mwenye koti la kaki, akasimama mbele yetu.

"Nyinyi mnaenda wapi?"

"Kutembea tu," baba akasema.

"Kutafuta kuni," mama akasema, wakati huohuo.

Askari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha akatazama panga, gunia, kikapu na kamba. Kuokota kuni kwenye miti ile bila kibali lilikuwa kosa, na mama, aliyejua karibu kila kitu, hilo hakulijua. Kule nyumbani kwao kuni zilikuwa za mwenye mikono. Miezi yote ile alikuwa ametuvika ushahidi wa kosa ambalo hatukuwa na nia ya kulifanya.

"Ni kutembea tu, bwana," baba akasema tena. "Daktari amesema nitembee."

"Kutembea na panga? Na watoto na kamba?" Askari akacheka. "Mzee, mimi si mtoto. Tangu lini watu kama sisi tunatembea bure?"

Baba akainama, akakunja suruali hadi gotini. Kovu lilikuwa bado jekundu, na mguu ulikuwa umekonda kuliko mwenzake. Askari aliutazama kwa muda. Nadhani alikuwa na watoto na yeye, kwa sababu alimtazama mdogo wangu aliyekuwa ameanza kulia, akapumua.

"Sawa. Siwapeleki kwa ofisa. Lakini hii panga inabaki. Na gunia." Akanyoosha mkono. "Na hiyo fimbo. Hii ni mti wa serikali, iko na maganda bado."

Ilikuwa kweli. Baba alikuwa ameikata humohumo msituni. Alimpa.

Nilimchukia yule askari kwa moyo wote, na nilimkasirikia mama zaidi. Njia ya kuteremka, iliyokuwa nyepesi kwa kila mtu mwingine, ilikuwa ndefu kwa mtu aliyezoea fimbo. Baba alipiga hatua chache, akayumba. Mama alisogea, akauchukua mkono wa baba akauweka begani mwake.

Kwetu, mume na mke hawakushikana njiani. Mume alitangulia, mke alifuata. Tulipokutana na watu wa kanisa letu karibu na bustani za Wazungu, walituamkia huku wakiangalia pembeni, nami nikatamani ardhi inimeze. Wao wawili waliendelea tu. Nilimsikia mama akihesabu hatua kwa sauti ndogo, na kila baada ya hatua kadhaa akijisogeza mbali kidogo, hadi mkono wa baba ukawa unamgusa kwa vidole tu. Tulipofika kwenye bomba la maji la nyumba zetu, penye akina mama wote wa mtaa, alijitoa kabisa. Baba alipita hapo peke yake, akawasalimu, akaingia ndani, akaanguka kitandani na viatu vyake. Hakushika fimbo tena.

Kwa daktari wa reli alitembezwa kutoka dirishani hadi mlangoni mara tatu. Akapita. Mama alitoa sahani sandukuni, akazipanga mezani, akalia mbele yetu bila kujificha.

Lakini mguu haukuwa umepona kama karatasi ilivyosema. Kazini baba alitembea wima, maana msimamizi angeona kasoro angeandika. Nyumbani, mlango ukishafungwa, alichechemea, na mama alimkanda kwa maji ya chumvi. Zamu yake iliangukia Jumapili. Nilikuwa nimemwomba Mungu ampe baba mguu wake, na alipoupata, ukamwondoa kwetu siku ile moja tuliyokuwa naye. Nilinung'unika moyoni. Halikuwa jambo la kumwambia mtu.

Mama aliendelea kutupeleka Menengai. Tukifika juu, mimi na mdogo wangu tuliliangalia shimo. Yeye alilipa mgongo. Alisimama akitazama chini, mjini, kwenye mistari ya reli, ambako kutoka mbali vile behewa zima lilikuwa dogo kuliko kiberiti na mtu hakuonekana kabisa.

"Macho yako ni mazuri kuliko yangu," akaniambia siku moja. "Unamwona baba yako?"

Nikatazama. Palikuwa na moshi na bati.

"Namwona."

"Anachechemea?"

"Hapana, mama. Anatembea sawasawa."

Hapo ndipo alipokaa chini.