Nilipaka rangi vigae vya paa pale Olympic mwaka wa El Nino. Kabla upake vyako, soma hii

Niaje wakuu, wapangaji na wenye nyumba.

Kila mwezi lazima mtu aulize hapa kama kupaka rangi vigae vya simiti kuna maana ama ni kutupa pesa. Majibu huwa mengi, na mengi yanatoka kwa watu wanaouza rangi.

Mimi siuzi rangi. Nilikuwa napaka. Nitawapa stori ya kazi moja tu, vile ilienda, pamoja na mahali nilikosea, kwa sababu ukitoa hapo hii stori haimsaidii mtu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni vile yalikuwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wa ile mvua ya El Nino. Nilikuwa nimetoka kwetu Ukambani, Kitui, nakaa Kawangware hapa Nairobi, nafanya kazi ya rangi. Kuta, milango, mageti. Paa nilikuwa nimepaka moja tu, la mabati. Bati si kigae. Hiyo tofauti nilikuja kuijua baadaye.

Kazi yenyewe ilitokea Olympic, pale ukingoni mwa Kibera. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Siaya, na kila mtu alimwita Mwalimu. Mkewe alikuwa Mama Atieno.

Vigae vyake vilikuwa vyekundu wakati anajenga. Sasa vilikuwa rangi ya jivu, na upande wa kivuli vimeota kuvu nyeusi. Majirani wawili kwa line yake ya nyumba walikuwa wamepaka vyao. Hakusema hiyo ndiyo ilimsumbua. Lakini kila alipotaka kunionyesha kitu kwa paa lake, alianza kwa kunionyesha la jirani.

Halafu akaongeza, kama kitu kidogo tu, kwamba chumba cha mama kuna mahali panavuja. Rangi ikiingia itaziba.

Mama Atieno alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia, hawezi kutembea bila kushikwa. Siku nyingi alikuwa kitandani. Kitanda kilikuwa kando ya dirisha, anaona geti, anajua nani ameingia na nani ametoka bila kuaga. Watoto wake walitaka kumhamishia chumba kingine kisichovuja. Akakataa, kwa sababu dirisha la hicho kingine linaangalia ukuta. Kwa hivyo alibaki na geti lake, na beseni moja miguuni pa kitanda.

Nilienda kumsalimia kabla ya kuanza kazi. Akaniangalia viatu kwanza, kisha akasema:

"Mwalimu analiona hili paa kwa nje. Mimi ndiye naliona kwa ndani. Hiyo rangi itazuia maji?"

Nikamwambia itazuia.

Sikuwa najua. Nilitaka kazi.

Sasa niwaambie vile nilifanya, ili msifanye.

Kuvu lazima itoke yote, halafu upake dawa ya kuiua, halafu paa likauke kabisa, halafu primer, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, ndiyo uje na rangi yenyewe. Mimi upande wa mbele nilisugua vizuri kwa brashi ya waya. Upande wa nyuma, ambao hauonekani kutoka barabarani, nilisugua kama mtu anayefuta meza ya hoteli. Dawa sikuweka. Nilikuwa sijasikia kuna dawa.

Pia sikutoa paipu inayopeleka maji ya gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, kwa tangi. Uchafu wote wa miaka mingi niliuosha ukaingia huko. Chai ya siku hiyo ilikuwa na rangi ambayo haikutoka kwa majani. Mwalimu alikunywa, akaangalia kikombe, akamaliza.

Halafu kuna kukanyaga. Kigae cha simiti hakikanyagwi katikati. Unaweka mguu chini kabisa, pale kinapolalia mwenzake, kwa sababu hapo ndipo kina nguvu. Mimi nilikuwa natembea juu ya paa kama niko kwa veranda.

Nilisikia "ka" mara nne, kwa siku mbili.

Mara ya pili Mwalimu alikuwa chini, akauliza ni nini hiyo. Nikasema ni ngazi.

Nilichukua mchanga na simiti kidogo, nikaziba nyufa, zikakauka, nikapaka rangi juu. Ukiangalia huwezi kujua. Hiyo ndiyo shida ya rangi, wakuu. Inafanya kazi yake vizuri sana.

Nilipomaliza paa lilikuwa jekundu kuliko la jirani yeyote. Mwalimu alifurahi vibaya. Alikuwa na mpwa wake anakaa kwa flati za Nyayo Highrise, ghorofa ya juu kabisa, na siku mbili baadaye akaniomba twende huko pamoja. Nilidhani mpwa anataka kupakiwa nyumba. Tukavuka Kibera yote kwa miguu, tukapanda ngazi, tukampita mpwa sebuleni akinywa chai, tukatoka nje kwa balcony.

Mwalimu akanyoosha mkono. "Lile pale."

Kwa huo umbali kulikuwa na madoa mekundu matatu. Sina hakika alikuwa anaonyesha lake. Nikasema nimeliona, limetokea vizuri.

Alisimama hapo muda mrefu. Akaniambia wakati analijenga alikuwa anatoka darasani anaenda moja kwa moja kubeba vigae na mafundi, na Mama Atieno akiwa chini anahesabu kwa sauti ili wasiibiwe. Nilitamani asiniambie hiyo.

Halafu mvua ikaanza.

Wale mnaikumbuka mnaikumbuka. Haikuwa mvua ya kungoja iishe. Wiki ya pili, mchana, nikaona Mwalimu amesimama nje ya plot yetu Kawangware, gumboots, mwavuli, suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa ameulizia fundi wa rangi mtaa mzima mpaka akanipata. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi, njoo uone."

Nikamfuata mpaka Olympic.

Tulipoingia chumba cha mama, kitanda kilikuwa kimefunikwa karatasi ya nailoni na yeye amekaa kwa kiti, blanketi mabegani, miguu juu ya stuli. Sakafuni kulikuwa na vyombo vitano. Sufuria ya ugali ilikuwa mojawapo.

"Kabla uje tulikuwa na beseni moja," Mama Atieno akasema.

Niliomba ngazi nikaingia ndani ya dari na tochi.

Nilichokuta ni hiki. Pale pande mbili za paa zinapokutana kuna bati limekunjwa kama mfereji, linapitisha maji mpaka kwa gata. Hilo bati lilikuwa limeliwa na kutu mpaka unaona mwanga wa nje. Hapo ndipo palikuwa panavuja tangu mwanzo. Vigae havikuwa na makosa. Ungepaka rangi mara kumi na maji yangeendelea kupita hapo.

Halafu kando yake nikaona sehemu zingine, zinadondosha polepole. Nikazihesabu bila kutaka. Zilikuwa pale nilikanyaga. Simiti yangu ilikuwa imeachia.

Wakuu, nilikaa hapo juu muda. Nilikuwa na jibu zuri mkononi. Ningeshuka niseme ni bati, nimuonyeshe kutu, na ingekuwa kweli kabisa. Mwalimu angeniamini, angenishukuru pia kwa kugundua. Hakuna mtu angepanda kuangalia vigae vinne.

Mama Atieno akaita kutoka chini. "Umeona nini huko?"

Nikasema kuna bati limeoza.

"Na hizi sufuria zingine?"

Nilikuwa nasikia matone yanaingia kwa vyombo chini yangu, kila moja na sauti yake. Nikashuka. Nikasimama mbele yake, vumbi la dari limenijaa kichwani.

"Hizo ni mimi, mama. Nilivunja vigae vinne. Nikaziba, nikapaka rangi juu."

Akaniangalia.

"Kwa hivyo rangi haizuii maji."

"Haizuii."

"Niliuliza," akasema.

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa lawama yote, na mpaka leo sijapewa kubwa kuliko hiyo.

Mwalimu alitoka nje. Nilipomfuata alikuwa amesimama kwa mvua, mwavuli umefungwa mkononi, anaangalia paa. Akanitaka nimuonyeshe kigae kimoja kimoja. Nikamuonyesha. Akavirudia mwenyewe kwa kidole, kama anayeita majina ya wanafunzi. Kisha akasema mvua ikipumzika nirudi.

Hakunifukuza. Ningependelea anifukuze.

Mvua ilipumzika siku mbili. Nyuma ya banda la kuku kulikuwa na vigae vilivyobaki tangu ujenzi. Kama wewe ni mwenye nyumba na ulibakisha, usiwahi kuwapea watu wapangie maua. Nilitoa vinne vilivyovunjika, nikaweka hivyo vizima. Bati jipya nilikunjiwa na fundi wa mabati Kawangware, nikalipachika. Safari hii nilikanyaga kama natembea juu ya mayai ya mtu. Tangi pia nikalimwaga na kulisugua ndani, hilo sikuombwa.

Vile vigae vinne vilikuwa rangi ya jivu katikati ya paa jekundu. Nikamwambia Mwalimu nitavipaka vifanane. Akasema viache.

Mawingu yaliporudi Mwalimu alituma niitwe. Nilikuta amepanga viti viwili kando ya kitanda. Tukakaa watatu tunangojea mvua, beseni tupu katikati ya sakafu. Ilipoanza ilipiga paa mpaka huwezi kusikia redio ya sebuleni. Nusu saa. Saa nzima. Mwalimu aliinama mara tatu akapitisha kiganja ndani ya beseni.

Kavu.

Mama Atieno akasema, "Sasa enda kwako uone, labda kunavuja pia."

Nilienda. Kulikuwa kunavuja.

Sasa jibu la swali lenu.

Upande wa nyuma rangi ilianza kubanduka kabla mwaka uishe, vipande vipande, kuvu ikatokea chini yake ikiwa na afya nzuri. Upande wa mbele ulivumilia miaka mitatu hivi, halafu ukapauka. Mwalimu hakupaka tena. Na chumba cha mama kilibaki kikavu chini ya rangi mbovu.

Kwa hivyo kama unataka nyumba ipendeze, ama unauza, paka, lakini lipia maandalizi kuliko rangi yenyewe, na ujue ukianza utakuwa unarudia. Kama shida ni maji, usinunue hata kopo moja. Tuma mtu ndani ya dari mchana na tochi. Kigae cha simiti kikipauka hakijaharibika, kimezeeka tu sura.

Miaka iliyofuata nilipata kazi nyingi Olympic na hata Riruta, zote kupitia kwa Mwalimu. Mtu akimuuliza kuhusu fundi wa paa alikuwa anamwambia: "Chukua yule Mkamba. Akimaliza muulize amevunja ngapi, atakwambia."

Nimekubali kukosolewa, mafundi wenzangu karibuni. Na kama kuna mwenye nyumba hapa alipaka vigae vyake zaidi ya miaka mitano na bado vinashika, atuwekee alianza na nini. Tafadhali panda kwanza uangalie upande wa nyuma.